Gari la Umeme au la Petroli Hapa Uganda? Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki

Nikisimamisha gari langu la umeme pale Kireka kununua rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai), hakosekani mtu wa kuinama nyuma yake kutafuta ekzosi. Haipo. Hapo maswali yanaanza, na kwa kuwa wengi wanaoniuliza ni watu wetu wa Kiswahili, maafande wa Bombo, wafanyabiashara wa Busia na Arua, madereva wa spesho (teksi za kukodi) wanaolala Kisenyi, nimeona niyaandike yote mara moja ili siku nyingine niile rolex yangu ingali moto.

Mimi ni fundi wa umeme wa majumba. Niliendesha Toyota Premio ya petroli miaka tisa, na huu ni mwaka wa tatu niko na gari dogo la umeme la Kijapani, lililotumika. Siuzi magari na hakuna anayenilipa kusema lolote.

Kwa kifupi, linalipa au halilipi?

Linalipa kwa mtu ambaye gari lake linalala penye soketi yake mwenyewe, linatembea kilomita nyingi kila siku, na jioni linarudi palepale. Mtu huyo akiendelea na petroli anachoma hela. Lakini kama gari lako linatoka Jumamosi kwenda sokoni na Jumapili kwenda kanisani tu, au unalilaza kando ya barabara kwa askari wa usiku, baki na petroli yako kwanza. Watu huniuliza kuhusu betri, kasi, mvua na moto. Karibu hakuna anayeanza na gari litalala wapi, na mimi ndilo huwa nauliza kabla ya jingine lolote.

Hesabu ya umeme na petroli ikoje?

Tuanze na uniti, maana hapo ndipo watu hutishwa na herufi. Gari likiandikwa 40 kWh, maana yake betri yake inabeba uniti 40, uniti zilezile unazonunua kwenye Yaka, mita ya kulipia kabla. Hakuna uchawi mwingine.

Gari dogo la umeme hula uniti 15 hadi 17 kwa kilomita 100. Kuna kiasi kinachopotea kwa joto kati ya mita na betri, kwa hiyo mimi huhesabu uniti 18 kutoka kwenye mita. Bei ya nyumbani mwaka 2025 ilikuwa karibu shilingi 756 kwa uniti. Ongeza VAT ya asilimia 18 unafika kama 890. Tuseme 900. Kilomita 100 zinakuwa shilingi 16,200.

Premio yangu katika jamu ya Kampala ilikuwa inaenda kilomita 10 kwa lita, na Ijumaa za mwisho wa mwezi hata hizo haikufikisha. Lita nikiihesabu kwa 5,000, kilomita 100 ni shilingi 50,000. Weka bei ya leo ya sheli ya kwenu upige upya, lakini tofauti itabaki kubwa: kwangu ni shilingi 33,800 kwa kila kilomita 100.

Kinachoipanua tofauti hiyo ni jamu. Toka Bweyogerere saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ufike Nakawa, trafiki azuie upande wenu dakika ishirini huku akiruhusu wa Ntinda. Inji ya petroli inaendelea kunywa ikiwa imesimama. La umeme likisimama limesimama. Kinachokula ni redio na feni. Tena ukiachia mafuta (bado tunasema "mafuta", ulimi haujazoea) mota inageuka jenereta na kurudisha kitu kidogo kwenye betri. Ndiyo maana mambo yamepinduka: la petroli hula zaidi mjini kuliko safarini, la umeme hula zaidi safarini, hasa ukilikimbiza kwenye ile barabara ya kulipia ya Entebbe.

Kuna na jambo dogo la Yaka ambalo wengi hawalijui. Uniti 15 za kwanza za mwezi ni za bei ya chini, shilingi 250. Kisha unalipa bei kamili hadi uniti 80. Kuanzia 81 hadi 150 bei inashuka karibu nusu, mpango uliowekwa ili watu waache makaa wapike kwa umeme. Mita haijui kama uniti hizo zimeenda kwenye sufuria au kwenye gari.

Na petroli ikishuka?

Hupanda na kushuka, na wewe huna usemi. Petroli yetu yote huletwa kutoka nje, nyingi ikipitia Mombasa. Mwanzoni mwa 2022 malori yalipokwama Malaba na Busia kwa mgogoro wa vipimo vya korona, kuna sehemu lita iliuzwa hadi shilingi 10,000. Wenzangu walipanga foleni na vidumu. Umeme nao hupanda bei, lakini hupangwa na mamlaka na hutangazwa. Huamki asubuhi ukakuta umeongezeka mara mbili.

Gari lenyewe ni ghali. Nitarudisha pesa baada ya muda gani?

Chukua tofauti ya bei kati ya gari la umeme unalolitaka na la petroli ambalo ungelinunua badala yake. Tuseme ni shilingi milioni 15, kwa mfano tu. Ukitembea kilomita 1,000 kwa mwezi unaokoa karibu 338,000, kwa hiyo milioni 15 zitarudi baada ya miezi 44, karibu miaka minne. Dereva wa spesho anayepiga kilomita 3,000 kwa mwezi anazirudisha baada ya miezi 15. Mzee mstaafu wa kilomita 400 kwa mwezi atangoja zaidi ya miaka tisa, na kwa umri wa magari tunayonunua sisi, hiyo siyo hesabu, ni maombi.

Sijatia servisi humo. Petroli inataka oili na filta kila kilomita 5,000 hivi, plagi, mikanda, pampu, na siku moja giaboksi. La umeme halihitaji karibu yote hayo. Bado utanunua matairi, bushi na shokapu, breki fluidi, na ile betri ndogo ya volti 12 ambayo ikizimika gari zima linakuwa bubu kama la petroli tu. Matairi ndiyo yameniuma. Gari langu lina kilo karibu 1,500, na mota inavuta kwa nguvu kuanzia sekunde ya kwanza, kwa hiyo ya mbele yanalika haraka. Kwa upande mwingine pedi za breki sijabadilisha tangu nilinunue.

Betri ikifa, si gari limekufa?

Betri haifi kama ya tochi. Inapungua taratibu, kama mtu anayezeeka: leo anabeba gunia, miaka kumi baadaye anabeba nusu gunia, lakini anatembea. Shida ni kumnunua mzee ukidhani ni kijana.

Shemeji yangu aliniita nimsindikize kwenye bondi moja (yadi ya magari yaliyoagizwa), sitaitaja. Gari linang'aa, matairi yamepakwa dawa nyeusi, dashibodi inaonyesha vijiti vyote 12 vya afya ya betri. Muuzaji anasema, "Mzee, hili lilikuwa la mwalimu wa kike Japani, shuleni na nyumbani tu." Nikaomba ruhusa, nikachomeka chini ya usukani kile kidude kidogo cha kusomea kompyuta ya gari, nikafungua programu kwenye simu. Asilimia 71 ya uwezo wa betri ilipokuwa mpya. Betri ya namna hiyo ingepaswa kuonyesha vijiti tisa. Kuna mtu alikuwa amezirudisha hesabu za kompyuta mwanzo, na baada ya wiki chache za kuendesha vile vijiti vingeanza kuanguka kimoja kimoja, pesa ikiwa imeshaliwa. Nikamwonyesha muuzaji skrini. Akaanza kuitafuta simu yake iliyokuwa mkononi mwake.

Shemeji alinunua jingine mwezi uliofuata, la asilimia 86, kwa bei ya juu kidogo. Kidude kile kinauzwa bei ya chakula cha familia siku moja. Asiyekubali ukichomeke, ondoka.

Maana ya asilimia hizo njiani ni hii. Nissan Leaf, gari la umeme ambalo mgeni wa biashara hii hulisikia kwanza, lilitoka mwisho wa 2010 likiwa na betri ya uniti 24, na vipimo vya Marekani viliipa kilomita 117 tu kwa chaji moja. Ya uniti 30 ilipewa 172, ya 40 ikapewa 243, na ya 62 ikafika 364. Sasa chukua ile ya kwanza kabisa, ipunguze hadi asilimia 60: inabaki kama kilomita 70 kwenye karatasi, na pungufu ya hapo ukipanda milima ya Kampala na abiria wanne. Hilo ni gari la kutoka Najjera kwenda Wandegeya. Bei yake inavutia kwa sababu hiyo.

Kinachoua betri ni joto, na kuiacha siku nyingi ikiwa imejaa kabisa au imekauka kabisa. Leaf hizo za uniti 24 hadi 62 hazina mfumo wa kuipoza betri kwa maji, hutegemea upepo tu, na katika nchi za joto kali zimelalamikiwa. Hapa Kampala tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari na mchana haupiti sana nyuzi 28, kwa hiyo hali yetu ni nzuri kuliko ya wengi. Wa Arua na Moyo wawe waangalifu zaidi: liegeshe chini ya mwembe, na usilichaji likitoka tu safarini likiwa na joto. Mimi hulijaza hadi asilimia 80 siku za kawaida, 100 asubuhi ya safari tu. Betri za aina ya LFP (za lithiamu, chuma na fosfeti), kama za BYD ya China, hazijali kujazwa hadi juu.

Na ikichoka kabisa? Betri imeundwa kwa vipande. Ile ya uniti 24 ina moduli 48, na fundi anayejua anaweza kutoa zilizokufa akaweka nyingine. Betri mpya nayo imekuwa ikishuka bei duniani: mwaka 2010 uniti moja ya ukubwa ilizidi dola 1,000 kiwandani, mwaka 2024 wastani ulikuwa dola 115. Usafiri, kodi na faida ya anayekuletea huongezeka juu ya hapo, basi usitarajie bei hiyo kwenye soko la vipuri la Kisekka.

Umeme wenyewe si unakatika kila siku?

Unakatika, ndiyo. Nchi haikosi umeme wa kuzalisha: bwawa la Nalubaale pale Jinja liko tangu 1954, Bujagali ya megawati 250 ikaja 2012, Isimba ya 183 ikaja 2019, na Karuma ya megawati 600 ilizinduliwa rasmi 2024. Kinachotutesa ni nguzo zilizooza, transfoma zilizozidiwa na waya za mtaani. Mkataba wa kampuni ya Umeme uliisha Machi 2025 na UEDCL, kampuni ya serikali, ikachukua nguzo na waya, pamoja na matusi yetu.

Lakini fikiria hivi. Gari la uniti 40 linalotembea kilomita 60 kwa siku linatumia uniti 11. Likiwa limejaa asilimia 80 jana, leo usiku umeme ukakatika, kesho bado unaenda kazini na kurudi. Hulichaji kila usiku kwa sababu limekauka, unalichaji kwa sababu limelala. Miaka hii yote limeniweka pabaya mara moja tu, transfoma ya mtaa ilipolipuka tukakaa siku nne gizani. Nilikwenda kuchaji kwa mteja wangu wa Mukono, nikamlipa uniti zake, nikala na chakula chake.

Mimi napanga. Mwenye nyumba atakubali?

Kama unaishi muzigo (chumba cha kupanga) wa mita ya pamoja, usijaribu. Siku ya kwanza Yaka ikiisha saa mbili usiku, wapangaji wote watajua ni nani. Kama una mita yako na maegesho ndani ya ua, kaa na mwenye nyumba umweleze mapema, umwonyeshe kwamba fundi atafunga laini mpya kwa gharama yako na itabaki hapo ukihama. Wengi hukubali wakisikia "itabaki hapo".

Gorofa za maegesho ya chini ni kesi nyingine: mita iko ghorofa ya nne, gari liko chini. Hapo maneno mengi, na mara nyingi jibu ni hapana.

Naweza kuchomeka tu kwenye soketi ya ukutani?

Unaweza, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni kazi yangu, na kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya ujinga.

Wiki ya kwanza nilitumia ekstensheni ya kawaida, ile nyeupe ya kuchomekea televisheni, nikaipitisha dirishani. Fundi wa umeme mwenye miaka kumi na tisa kazini! Saa tisa usiku mke wangu akaniamsha: "Baba, kuna kitu kinaungua." Harufu ya plastiki, kama samaki aliyekaangwa kwenye mafuta mabaya. Plagi ilikuwa imegeuka rangi ya mahindi ya kuchoma na imeshikamana na soketi. Niliikata kwa koleo baada ya kushusha breka. Plagi yetu imeandikwa ampea 13, lakini hiyo ni ya pasi na birika, vitu vya dakika kumi. Gari linavuta saa kumi mfululizo bila kupumua.

Basi fanya hivi. Laini ya gari itoke moja kwa moja kwenye boksi la breka, isipitie soketi nyingine yoyote. Iwe na breka yake, ya aina inayokata umeme ukivuja. Waya wa erthi uchunguzwe kwa kipimo, maana nyumba nyingi za Kampala zina erthi ya jina tu: fimbo imepigwa nusu mita kwenye kifusi, au haipo. Magari mengi ya umeme yakikosa erthi yanakataa kuchaji, na watu hudhani gari ni bovu. Ukitumia chaja ndogo ya ampea 10, betri ya uniti 40 iliyokauka itachukua kama saa 17. Lakini kwa zile uniti 11 za siku ni saa tano, usingizi wa kawaida. Ukitaka chaja ya ukutani ya ampea 32, waya uwe wa milimita 6 za mraba, wa shaba kweli, na uhakikishe laini inayoingia nyumbani inaibeba pamoja na jiko na pasi. Kuna waya sokoni umeandikwa 6 ukiukwangua unakuta 4. Nenda na fundi, au nenda na kisu.

Vituo vya kuchajia mjini je?

Vipo Kampala na vinaongezeka, ila bado vinahesabika. Visiwe ndio mpango wako. Kabla hujalipa gari angalia tundu lake: ya Japani huja na CHAdeMO kwa chaji ya haraka, ya China mengi yana GB/T, ya Ulaya yana CCS. Gari zuri lenye tundu lisilolingana na kituo ni kama funguo nzuri ya mlango wa jirani.

Nitafika nalo kijijini Krismasi?

Inategemea kijiji kiko wapi. Jinja ni kilomita 80, kwenda na kurudi 160; gari la uniti 40 lenye betri nzima linaweza, ukiwa na adabu kwenye mwendo. Masaka ni kama 130 kwenda tu, kwa hiyo utachaji huko ulale. Mbarara 270, Gulu zaidi ya 330, Arua karibu 500: kwa gari dogo lililotumika, panda basi.

Safari yangu ya kwanza ndefu ilikuwa kwa wazee Busia, kama kilomita 200. Nilitoka na asilimia 100, nikapita Namawojjolo penye kuku wa kuchoma bila kusimama, jambo ambalo watoto hawajanisamehe, nikaingia msitu wa Mabira nyuma ya lori la miwa kwa mwendo wa 60. Lori lile ndilo lililoniokoa. Kwa kunikinga upepo na kunizuia kukimbia, nilifika Jinja na asilimia 63. Nikalala Iganga kwa kaka yangu huku gari likichaji kupitia dirisha la jikoni, asubuhi tukaendelea. Safari ya saa nne na nusu ikawa ya siku mbili. Mama alifurahi, baba aliuliza kama gari linaumwa.

Familia yenye magari mawili haina tatizo hili: la umeme la mjini, la petroli la safari. Mwenye moja, mwenye kwao Kabale, afikirie mara mbili.

Mvua kubwa na mafuriko?

Betri imefungwa isiingie maji, na kupita kwenye maji ya kawaida hakuna shida. Halina bomba la kunyonya hewa, kwa hiyo halizimi kama inji iliyomeza maji. Lakini sakafu ya gari dogo iko sentimita 15 hivi kutoka ardhini na betri ndiyo iko chini. Bwaise ikifurika, ngoja kama wengine. Matuta yale ya kienyeji na mashimo ya vumbi ndiyo ya kuogopa zaidi kuliko maji; weka bamba la chuma chini.

Nani atalitengeneza?

Bushi na shokapu, matairi, breki, bodi: fundi yeyote wa Katwe au Ndeeba. Ukiona waya wa rangi ya chungwa, hapo mwambie asiguse. Humo mna volti zinazokaribia 400, za mkondo wa moja kwa moja. Mafundi waliosomea wapo Kampala, si wengi. Vijana wengi wenye ujuzi huo wametokea kwenye pikipiki za umeme au kwenye hybridi za Toyota, zile za petroli na umeme pamoja. Ukimpata mmoja mzuri, hifadhi namba yake kama ya daktari wa watoto.

Hybridi je? Si ndiyo katikati?

Kwa watu wengi wanaoniuliza, ndiyo jibu langu halisi. Aqua au Prius inaenda karibu kilomita 20 kwa lita mjini, inajichaji yenyewe, unaenda nayo Arua bila kumwomba mtu soketi. Haikupi akiba ya gari la umeme, lakini inakata bili ya mafuta karibu nusu. Betri yake nayo huchoka. Ikaguliwe kama nilivyosema. Mpangaji asiye na maegesho, anza hapo.

Bodaboda za umeme zinalipa?

Kuliko magari, tena mbali. Mwenye boda anatembea kilomita mia na zaidi kila siku, ndani ya mji uleule, na zile za Zembo, Gogo au Spiro anabadilishiwa betri kituoni kwa dakika chache badala ya kungoja. Tatizo la "italala wapi" limekwisha kwa sababu betri haichajiwi kwake. Kamba ni moja: kazi yako inaishia pale vituo vya kampuni yako vinapoishia. Abiria wa Kampala kwenda Mityana, mwachie mwenzako wa petroli. Na piga honi vichochoroni. Mama anayevuka hakusikii.

Na yale ya kwetu, ya Jinja?

Makerere walionyesha Kiira EV, gari la viti viwili, Novemba 2011, wengi wetu tukacheka. Kutoka hapo ikaja Kiira Motors, basi la Kayoola la sola mwaka 2016, na sasa kiwanda Jinja kinachounda mabasi ya umeme. Mkazo wao ni mabasi, na naona wamefanya vyema: basi lina njia moja, saa zilezile, na yadi ya kulala. Gari dogo la familia la bei yetu kutoka kwao sijaliona barabarani.

Kodi ikoje?

Hubadilika bajeti inaposomwa kila Juni, kwa hiyo uliza URA (mamlaka ya kodi) mwezi unaonunua, si mwaka mmoja kabla. Jambo moja lisilobadilika karibuni: gari lenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa haliruhusiwi kuingia nchini.

Linaweza kushika moto likiwa linachaji?

Linaweza, na moto wa betri ni mgumu kuzima. Hutokea mara chache kuliko wa petroli. Waya mbovu wa nyumbani kwako ni hatari kubwa zaidi. Rudi kwenye hadithi ya ekstensheni yangu.

Sola ya nyumbani inatosha?

Paneli za wati 3,000 kwa jua letu zinakupa uniti 10 hadi 12 kwa siku, kilomita 60 hivi. Tatizo ni kwamba jua linawaka gari likiwa kazini. Mwenye duka au kliniki anayeegesha mlangoni mchana kutwa, hasa kaskazini kwenye jua la kweli, hiyo ni yake. Mfanyakazi wa ofisi atahitaji betri nyingine nyumbani za kuweka umeme hadi jioni, na gharama inakimbia.

Jirani kanunua naye, anataka kuchajia kwangu. Nimtoze vipi?

Usimtoze kwa makisio, mtagombana. Nilifunga mita ndogo kwenye laini ya gari, kama zile ambazo wenye nyumba hufungia wapangaji, na jirani yangu, mwalimu wa sekondari, hulipa shilingi 1,000 kwa uniti. Anasoma namba mwenyewe, anaiandika kwenye daftari linaloning'inia kwa kamba, na ananitumia hela kwa simu kabla ya kuchomoa plagi. Mwisho wa muhula mshahara ukichelewa, huja na mkungu wa matoke kwenye buti, na tunaandika hilo pia.